Maonesho ya nguo za ndani Paris: namna ya kujiandaa, kukutana na wasambazaji na kuagiza bila hasara

Kila Januari watengenezaji na wauzaji wa sidiria, chupi, nguo za kulalia na za kuogelea hukutana Paris, kwenye kumbi za Porte de Versailles, kwa siku 3 za Salon International de la Lingerie. Sambamba nayo hufanyika Interfilière, ambayo ni ya malighafi: lesi, vitambaa vinavyovutika, lastiki, waya, ndoano na vikombe vya sponji. Mwenye duka Dar es Salaam au Nairobi ana cha kutafuta upande wa kwanza, na fundi anayetaka kuanzisha chapa yake ana cha kutafuta upande wa pili.

Wengi hurudi na mfuko wa vipeperushi na kadi za watu ambao baadaye hawajibu. Mara nyingi chanzo ni kwamba walikwenda bila takwimu za saizi za wateja wao. Katika nguo nyingine mtindo unaweza kutangulia. Kwenye sidiria saizi ndiyo inayotangulia, na msambazaji anampima mnunuzi kwa hilo ndani ya dakika chache za kwanza.

Takwimu za saizi kabla ya tiketi ya ndege

Chukua mauzo ya miezi 6 hadi 12 uyapange kwa safu tatu: saizi zilizouzwa, saizi zilizoulizwa zikakosekana, na saizi zilizorudishwa. Safu ya pili ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote, na ndiyo ambayo maduka mengi hayaiandiki. Kama hujawahi kuiandika, weka daftari kaunta leo na mwambie msaidizi wako aandike kila mteja anayeondoka mikono mitupu. Wiki 8 zinatosha kukuonesha sura ya soko lako.

Hesabu ni hii. Mtindo mmoja wa sidiria wenye vipimo 6 vya mkanda wa chini na vikombe 7 una saizi 42. Ukichukua rangi mbili, ni bidhaa 84 tofauti. Mnunuzi anayesema "nataka vipande 60, kila saizi kidogo kidogo" ameshajiingiza kwenye hasara: atabaki na saizi za pembeni zisizotembea, na zile za katikati zitaisha wiki ya pili. Chagua saizi 12 tu na rangi moja. Zile 4 zinazouzwa zaidi zipe vipande 8 kila moja, 4 zinazofuata vipande 4, na 4 za mwisho vipande 3. Hapo una vipande 60 vinavyofuata mauzo yako.

Jifunze pia kubadili saizi kutoka mfumo mmoja hadi mwingine bila kufungua simu. Mkanda wa 34 wa Uingereza na Marekani ni 75 kwa Ujerumani na nchi nyingi za Ulaya, na ni 90 kwa Ufaransa. Kwa hiyo 32 ni 70 na 85, na 36 ni 80 na 95. Vikombe vinalingana kutoka A hadi D, kisha njia zinaachana: Uingereza inaendelea DD, E, F, FF, G, wakati Ulaya bara inaendelea E, F, G, H. Kikombe F cha Uingereza ni G cha Ulaya. Ukiwaagizia wateja waliozoea F ya Uingereza kikombe F kutoka chapa ya Ufaransa, umewaletea kikombe kilichopungua namba moja, na watarudisha wote. Kosa hili ndilo ghali kuliko yote kwa anayeagiza Ulaya mara ya kwanza, kwa sababu mzigo wenyewe hauna kasoro na msambazaji hawajibiki kuurudisha.

Hati, beji na viza

Maonesho haya ni ya wafanyabiashara pekee. Kujisajili kunahitaji uthibitisho kwamba una biashara: cheti cha usajili (BRELA kwa Tanzania), namba ya mlipa kodi (TIN, au PIN ya KRA kwa Kenya), leseni, na ikiwezekana ankara moja au mbili za ununuzi wa nguo za ndani. Jina la biashara kwenye beji lilingane na la kwenye cheti na kadi yako. Likitofautiana, mtu wa msambazaji anayeshughulikia mauzo ya nje ya nchi ataanza kukutilia shaka kabla hujakaa.

Ukishasajiliwa, omba barua ya mwaliko kutoka kwa waandaaji, kwani inasaidia kwenye ombi la viza. Ombi la viza ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15 lakini unaweza kufika 45. Ada kwa mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari lazima ifikie euro 30,000. Kwa maonesho ya Januari, peleka ombi mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba. Desemba ina sikukuu nyingi, na nafasi za kupeleka maombi hujaa.

Miadi ndiyo safari yenyewe

Orodha ya waoneshaji hutoka kabla ya maonesho. Ipitie na uchague 12 hadi 15, wala usizidi. Siku ya kazi ukumbini inabeba vikao 4 au 5 vya maana, kila kimoja dakika 30 hadi 45, na kati ya kimoja na kingine unahitaji nafasi ya kuandika. Waandikie wiki 3 hadi 4 kabla.

Barua yako ya kwanza iwe fupi na iwe na mambo matano: duka lako liko wapi, linauza nini kwa sasa na kwa bei gani, saizi zako 12 zinazotembea, oda ya kwanza unayoifikiria ni vipande vingapi, na siku na saa mbili unazopendekeza. Usianze kwa kuomba bei. Mtu wa mauzo ya nje anapokea barua nyingi za "tafadhali tuma katalogi na bei", na hizo hazijibiwi. Barua inayosema "wateja wetu wengi ni 36D hadi 40F kwa mfumo wa Uingereza, na tunakosa sidiria yenye waya kwa rangi za ngozi nyeusi" inajibiwa, kwa sababu inampa kazi ya kufanya.

Chapa kubwa zenye wasambazaji wa eneo zima huenda zikakuelekeza kwa wakala wao wa Dubai au Afrika Kusini. Usilichukue kama tusi. Omba jina la wakala huyo palepale na uombe utambulishwe kwake kwa barua pepe ukiwa bado umekaa. Utambulisho unaotoka kwa chapa yenyewe unafungua mlango ambao ungekuchukua miezi kuubisha.

Ndani ya ukumbi

Porte de Versailles inafikika kwa metro namba 12 na tramu T2 na T3a, hivyo hoteli yoyote iliyo kwenye njia ya 12 inakuokolea pesa ya teksi. Asubuhi ya siku ya kwanza usikae popote: zunguka kumbi zote kwa saa moja na nusu, weka alama kwenye ramani, halafu anza miadi. Mabanda ambayo hukuyapanga yaache kwa alasiri ya siku ya mwisho, ambapo wanunuzi wakubwa wameshaondoka na watu wa mauzo wana muda wa mazungumzo.

Salamu kwanza. Ufaransa, kuingia bandani na kuanza kushika nguo bila "Bonjour, Madame" au "Bonjour, Monsieur" ni kama kuingia nyumba ya mtu bila kupiga hodi. Msalimie mtu, jitambulishe, sema jina la duka na mji, kisha uliza kama unaweza kutazama.

Picha ni jambo zito. Kazi inayooneshwa Januari ni ya msimu wa vuli na baridi unaofuata, haijafika madukani, na kunakiliwa ndiko wanakokuogopa zaidi. Usitoe simu kabla ya kuomba ruhusa, hata kama umeona wengine wakipiga. Ukiruhusiwa, piga nguo pamoja na lebo yake yenye namba ya mtindo, la sivyo ukifika hotelini utakuwa na picha za sidiria nyeusi zinazofanana zote. Wanamitindo wanaovaa nguo hizo bandani wako kazini: usiwapige picha wala kugusa nguo iliyo mwilini mwao bila kuuliza. Ukitaka kuona mshono wa karibu, omba kipande kingine mezani.

Zungumza kwa majina ya vitu. Kwetu watu huona haya kutaja kikombe, titi au chupi mbele ya wageni, hasa mwanamume akiongea na mwanamke. Pale ni lugha ya kazi, na anayezungukazunguka maneno anaonekana haijui biashara.

Sidiria ikiwa mkononi

Hapa ndipo mahusiano yanapojengwa kwelikweli, maana mtu anayejua kukagua anaheshimiwa haraka. Fuata mpangilio huu bila kuharakisha.

Anza na mkanda wa chini. Ushike ncha mbili, uvute hadi mwisho, uachie, urudie mara tano. Ukirudi ukiwa umelegea, mteja atalalamika ndani ya mwezi, kwa sababu mkanda ndio unaobeba sehemu kubwa ya uzito wa titi, wala si mikanda ya mabega. Kitambaa cha mgongoni kiwe kizito kidogo na kivutike kwa upana zaidi ya wima.

Kisha waya. Papasa ncha zake mbili kwa kidole gumba. Mfereji wa waya unapaswa kuwa mrefu kuliko waya kwa milimita 5 au 6, ili mtu akikaa na mkanda ukivutika waya upate pa kusogea. Mfereji ukibana, waya utatoboa. Mwishoni tafuta mshono mfupi mzito uliorudiwa mara nyingi, ule unaofunga mfereji. Ukikosekana au ukiwa umekaa pembeni ya mahali pake, waya utatoka kwapani au katikati ya kifua. Huu ndio ugonjwa unaorudisha sidiria nyingi madukani.

Halafu peleka nguo dirishani au nje ya taa za banda. Lesi, kitambaa cha kikombe, lastiki na ndoano vimetengenezwa kwa nyuzi tofauti, na nailoni, poliesta na elastani (uzi unaovutika) hazinywi rangi sawasawa. Chini ya taa ya ukumbi vyote vinaonekana rangi moja, na kwenye jua la Mombasa mikanda inaonekana ya kijivu na vikombe vya waridi. Kwa rangi za kahawia na za ngozi, ambazo ndizo wateja wetu wanazitafuta, tofauti hii inaonekana zaidi.

Vikombe vya sponji vyeupe vina shida yao. Sponji ya poliyurethani hugeuka njano kwa mwanga na kwa moshi wa magari, na duka lililo kando ya barabara yenye foleni hupata tatizo hilo mapema. Muulize msambazaji kama sponji imewekewa kinga ya kugeuka njano na mifuko ya plastiki ni ya aina gani, kwa sababu baadhi ya plastiki zina kemikali inayochangia umanjano huo. Kama hana jibu, nunua nyeusi na kahawia, nyeupe uiache.

Mwisho, lebo. Tafuta muundo wa nyuzi na cheti cha OEKO-TEX Standard 100, kinachoonesha kwamba nguo imepimwa kemikali zenye madhara. Nguo inayogusa ngozi ya mtu mzima huwa daraja la II. Omba namba ya cheti, kwani inaweza kuhakikiwa kwenye tovuti yao. Kwa chupi, geuza ndani uone kama kitambaa cha katikati ni pamba. Kwenye joto letu, kukosa pamba hapo ni sababu tosha ya kurudisha nguo kwenye meza.

Maswali ya pesa

Uliza kwa mpangilio: kiwango cha chini cha oda kwa mtindo na kwa rangi, bei ya jumla, mzigo unatoka lini, masharti ya malipo, na bei inaishia wapi (kiwandani au bandarini). Kisha uliza swali ambalo wageni husahau: mtindo huu ni wa msimu au ni wa kudumu? Mtindo wa kudumu unaweza kuurudia saizi mojamoja mwaka mzima. Wa msimu ukiisha umeisha, na mteja aliyeupenda hutampatia tena. Kwa duka dogo, robo tatu ya oda ya kwanza iwe ya kudumu.

Piga gharama ya kufika dukani kabla ya kusema ndiyo. Mfano: sidiria ya euro 12 kwa jumla, usafiri na bima euro 1.50, jumla 13.50. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki kwa mavazi ni 35%, yaani 4.73. VAT ya Tanzania ya 18% inapigwa juu ya 18.23, yaani 3.28. Umefika euro 21.51 bila tozo nyingine, wakala wa forodha, gari wala kodi ya fremu. Kenya VAT ni 16%. Mpe wakala wako msimbo sahihi wa forodha, 6212 kwa sidiria na 6108 kwa chupi za kike za kufumwa, akuthibitishie viwango vya siku hiyo na kama mzigo unahitaji ukaguzi wa ubora kabla ya kusafirishwa.

Usafiri wa ndege nao unakamata wasiojua. Sidiria za sponji ni nyepesi lakini zinajaza nafasi, na shirika la ndege hutoza uzito wa ujazo: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 6,000. Katoni ya 60 × 40 × 40 inahesabiwa kilo 16 hata ikiwa ndani kuna kilo 7. Agiza vikombe vipangwe kimoja ndani ya kingine kwa mstari. Ukikubali vikunjwe ili kupunguza ujazo, vitafika na mikunjo isiyotoka.

Kwa fundi anayetafuta malighafi

Upande wa Interfilière nenda na sampuli yako iliyoshonwa, hata kama haijakamilika. Muuzaji wa lastiki akiiona anajua cha kukupa bila maelezo marefu. Lesi ya Calais na Caudry inayofumwa kwa mashine za Leavers ni nzuri mno na bei yake ni ya juu. Kwa chapa changa, lesi ya mashine za kisasa ya viwanda vingine inatosha, na hela iliyobaki iende kwenye mkanda na waya.

Kwenye waya kuna siri ya kuokoa mtaji. 32D, 34C na 36B zina ujazo mmoja wa kikombe na zinaweza kutumia waya mmoja. Kwa hiyo saizi 12 hazihitaji waya aina 12. Uliza chati ya waya ya muuzaji, linganisha na saizi zako, na utajikuta unanunua aina 5 au 6 tu. Lastiki ya mabega chukua milimita 10 hadi 12 kwa vikombe vidogo na 15 hadi 20 kwa vikubwa. Ndoano chukua za mistari 2 na 3. Wauzaji wengi wana urefu wa majaribio wenye bei ya juu kidogo kwa mita: lipa hiyo bei. Kununua roli zima la lastiki ambayo hujaifua mara ishirini ni kucheza kamari.

Ukishatoka bandani

Andika nyuma ya kadi palepale: mlichozungumza, namba za mitindo, ulichoahidi na alichoahidi. Usisubiri jioni. Ndani ya siku 3 baada ya maonesho kufungwa, mwandikie kila uliyekaa naye, ukitaja namba ya mtindo na saizi mlizojadili. Wale usiowataka waambie kwa heshima kwamba msimu huu hutaagiza na kwa nini. Wanakumbuka, na mwaka unaofuata watakupokea.

Oda ya kwanza iwe ndogo na ilipwe kwa wakati. Wasambazaji wa Ulaya wengi watakutaka ulipe yote kabla ya mzigo kutoka, na viwanda vya China huzoea 30% ya utangulizi na 70% kabla ya kupakia. Barua pepe ikija ghafla ikisema akaunti ya benki imebadilika, usilipe. Mpigie mtu uliyekutana naye kwa namba iliyo kwenye kadi aliyokupa mkononi, umsomee namba ya akaunti. Wizi wa aina hii hutokea hasa wiki za baada ya maonesho, wakati kila mtu anatarajia ankara.

Kama Paris haiwezekani mwaka huu

New York wana maonesho ya Curve, na huko pia kuna Underfashion Club, chama cha watu wa tasnia hii chenye hafla ya tuzo za Femmy. China, awamu ya tatu ya Canton Fair, Guangzhou, mwanzoni mwa Mei na mwanzoni mwa Novemba, ndiyo yenye nguo, na mji wa Shenzhen una maonesho yake ya nguo za ndani pekee. Kiwandani China tarajia kuambiwa vipande mamia kwa kila mtindo na rangi, na mawasiliano mengi hufanyika kwa WeChat, programu ya ujumbe ya Wachina, hivyo ifungue kabla ya kusafiri.

Nyumbani, Sabasaba pale Barabara ya Kilwa, kuanzia Juni 28 hadi Julai 13, inafaa kwa kukutana na wauzaji wa mikoani, mafundi na mawakala wa mizigo zaidi kuliko kwa kutafuta chapa. Tanzania imepiga marufuku nguo za ndani za mitumba, kwa hiyo atakayekuletea robota la sidiria za mtumba kwa bei ya kutupa mwepuke: mzigo huo ukikamatwa huna pa kulalamika.

Njia ya kukabili kiwango cha chini cha oda ni kuungana. Maduka matatu au manne ya mitaa tofauti yakiagiza pamoja, vipande 300 vya rangi moja vinawezekana. Mwendee Mama mwenye duka usiyeshindana naye, msalimie, mpe heshima yake, kisha mwekee karatasi yako ya saizi mezani umwombe ya kwake. Akikubali, andikeni mambo matatu na kila mmoja atie sahihi kabla ya hela kutoka: jina la nani liko kwenye ankara na forodha, hela ya ushuru inakusanywa siku gani, na saizi zikija pungufu au zenye kasoro zinagawanywa vipi. Hilo la tatu ndilo linalovunja vikundi vingi, kwa hiyo liandikeni kwa namba: kila duka linabeba upungufu kwa uwiano wa vipande lilivyoagiza, saizi kwa saizi.